Nimekodi, Baba, Usinune

Shikamoo Baba,

Marahaba nitajiitikia mwenyewe leo, maana nina neno ambalo lingekufanya ununue ugomvi, na nataka ulisikie kwangu kabla Mama hajakusimulia akija kufagia kaburi. Nimepata gari. Sikulinunua. Nimelikodi, miaka miwili, kwa karatasi iliyopigwa muhuri.

Umeshanuna? Nuna kwanza, halafu nisikilize.

Nayajua maneno yako yote. Wewe uliendesha lori la ushirika, ukashusha kahawa ya Rombo hadi Moshi mjini tangu mimi sijaota meno. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, lori likaegeshwa, na wewe ukaingia kwenye teksi ya watu. Mpaka unakufa hukuwahi kushika ufunguo ulio wako. Kila uliponifundisha kuachia klachi mlimani bila kurudi nyuma, ulinirudia hilo hilo: "Geno, nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukipata gari, liwe lako."

Nilikuamini. Na kama ningekuwa na shaka, ingeniishia siku ya pili baada ya kukuzika. Hukuiona siku ile, ngoja nikueleze. Watu walikuwa bado kwenye mabenchi, wazee wana pombe ya mbege mikononi, akaja mtu katumwa na tajiri wako, mwenye teksi. Alisalimia vizuri, akatoa na pole. Kisha akaomba ufunguo wa gari. Mama aliutoa kwenye mfuko wa koti lako akampa kwa mikono miwili, na gari likageuzwa pale pale, karibu na kaburi lenye udongo mbichi. Niliwaka, Baba. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma. Nikaapa kwamba hakuna tajiri atakayekuja kumwomba mama yangu ufunguo tena.

Kijiweni nimechukua nafasi yako, mwanamke peke yangu. Mwanzoni walinicheka, eti abiria wataogopa. Abiria wala hawakuogopa, wanaogopa madereva wanaonuka gongo. Nikawa deiwaka, leo naendesha la huyu akiwa mgonjwa, kesho la yule akienda harusini. Nikachoka kuwaombea wenzangu mafua.

Ndipo Mama Salma akaniita. Ni mjane wa mjini, anaagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, na mara nyingi nilimpeleka uwanja wa ndege. Alikuwa na gari moja aina ya saluni, ya saizi ya kati, ya kijivu. Si kale kagari kanakobana magoti ya watalii, wala si shangingi. Wanaiita haibridi. Ina injini ya petroli na mota ya umeme, na inajipangia yenyewe lini itumie ipi. Ikisimama, injini inajizima. Ikiteremka, breki zinajaza betri. Fikiria, Baba! Wewe uliyenipiga kofi la mkono kwa kuweka gia huru mteremkoni nikijifanya nabana mafuta, sasa kuna gari ukiteremka nalo kutoka Mkuu, kwetu Rombo, linashiba.

Mama Salma akanipa njia mbili: nilinunue, au nilikodi miaka miwili, matengenezo makubwa yawe juu yake, mwishoni nirudishe au nilichukue moja kwa moja. Kwangu hapakuwa na la kufikiria. Kununua. Na nilijua pa kuitoa hela.

Mabogini.

Usinitazame hivyo. Najua ulilitamka jaruba lile la mpunga kuwa langu mbele ya baba wadogo, wakakohoa wote kwa pamoja. Kihamba, shamba la nyumbani, ni cha kaka, hilo sikuwahi kuliuliza. Lakini binti wa Kichaga anapewa ardhi mara ngapi? Ni mimi tu ukoo mzima. Na ndiyo niliyotaka kuiuza. Mnunuzi nilishampata, tuandikishane Jumatatu. Nilijiambia Baba mwenyewe ndiye aliyesema gari liwe langu, kwa hiyo ni kama ananiruhusu.

Mama Salma akaniachia gari Jumamosi nilijaribu kwenye milima yetu. Nikapanda nalo Rombo. Lilipanda vizuri, sikupata hata jasho. Nilipoacha lami na kuingia njia yetu, nikakuta ng'ombe wa Mzee Aloyce kasimama katikati, pale pale kwenye mparachichi wake. Nikasimama. Injini, kama kawaida yake, ikajizima.

Yesu na Maria! Mzee Aloyce akapaza sauti, "Gari imezima!" Unawajua watu wetu, gari likinyamaza mlimani hakuna anayeuliza swali. Ndani ya dakika moja nilikuwa na mawe mawili nyuma ya magurudumu, mwanakwaya mmoja na sare yake anasukuma, na mama mmoja kaweka mkungu chini asukume na yeye. Nikapiga kelele dirishani, "Jamani, halijazima, ndivyo lilivyo!" Nani anisikilize? Nikakanyaga mafuta taratibu, likaondoka kwa umeme, kimya, bila hata kukohoa. Wakashangilia. Mpaka leo Mzee Aloyce anasema ni yeye aliyeliwasha. Akaniambia, "Hata marehemu baba yako alikuwa anabeba jiwe kwenye buti." Hapo nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Jiwe lako lilikwenda na gari la tajiri, Baba. Hata hilo hatukulikumbuka.

Nyumbani Mama alikuwa anaponda ndizi za mtori. Hakusikia kitu mpaka kivuli changu kilipoingia jikoni. Alishtuka, akanifokea, "Umekuja kama mwizi!" Nikamwonyesha gari, akalizunguka, akakaa ndani, akakaa sana. Kisha nikamwambia habari ya Mabogini.

Akaacha kuponda. Aliniuliza wewe ulinunua Mabogini lini. Nikasema sijui, nimekua nikaikuta. Akasema, "Baba yako aliikodi misimu mitano kabla ya kuinunua."

Misimu mitano! Wewe! Mzee wa nguo ya kuazima!

Mama alinisimulia yote. Kwamba ulitaka kwanza kujua maji yanafika mpaka jaruba la mwisho au yanaishia kwa wakubwa. Kwamba ulitaka kuona kama udongo una magadi, na majirani wanafungua mifereji kwa zamu au kwa mapanga. Kwamba baba mdogo alikucheka, eti mwanaume mzima analima kwa kukodi, na wewe ukamjibu kuwa ardhi usiyoijua hainunuliwi, inachumbiwa. Nikamuuliza Mama mbona hukuwahi kuniambia. Akasema uliona aibu. Uliona aibu, Baba? Jambo la akili kuliko yote uliyofanya ndilo ulilonificha?

Nilikukasirikia, nakwambia ukweli. Nilikwenda kusimama kaburini nikakusema kwa sauti, mbuzi shahidi. Kisha nikakaa chini kwenye nyasi nikafikiri kama dereva, si kama mtu aliyeaibishwa msibani.

Maana gari lile silijui. Asubuhi ile, kabla sijapanda, nilikuwa nimeshalipeleka kwa mafundi watatu Moshi. Wa kwanza alifungua boneti akaifunga haraka kama aliyekuta nyoka. Wa pili akashauri tung'oe umeme wote tuweke injini ya kawaida. Wa tatu, Mungu ambariki, alisema hajui. Betri ile ikifa mikononi mwangu, ningebaki na bati la kijivu la kukalia kuku, na Mabogini inavunwa na mtu mwingine. Mpunga wangu je? Kwenye matanga yako tulilisha watu kwa mchele wa wapi?

Nilikuwa nataka kuuza kitu unachokijua wewe ili ninunue kitu nisichokijua mimi. Na sababu yenyewe haikuwa gari. Ilikuwa ule ufunguo.

Kwa hiyo Jumatatu mnunuzi wa shamba nilimwomba radhi, akanuna kama wewe. Nikaenda kwa Mama Salma, nikamwambia nakodi. Lakini kwenye mkataba nikataka mstari mmoja uongezwe. Karani wake akacheka, akasema hajawahi kuandika kitu kama hicho. Nikaweka kalamu mezani nikakunja mikono. Wewe unajua ninavyokunja mikono.

Mama Salma alivuta karatasi niliyouandikia mstari huo, akausoma. Kisha akamwambia karani, "Andika. Mimi nikiwa kwenye eda ya mume wangu walikuja kunichukulia friji." Basi umeandikwa, na muhuri umepigwa juu yake: dereva akifariki, gari litabaki nyumbani kwao, na ufunguo hautaombwa na mtu yeyote mpaka tanga lianuliwe.

Sina mpango wa kufa, usianze kunitengenezea nafasi. Lakini mstari ule nimeuandika kwa ajili yako. Nimechelewa, najua. Ungestahili kuupata wewe.

Kazi inakwenda, Baba. Wazungu wa mlima wananiita kwa jina, na abiria wazee wananiuliza kama gari liko hai. Miaka miwili nitalichumbia. Nikilijua tabia, nitalioa, na hapo hapatauzwa hata tuta moja. Mabogini tumeshapandikiza, maji yanafika mpaka mwisho. Hilo nakuahidi mbele ya baba wadogo na vikohozi vyao: jaruba lako halitoki mikononi mwangu.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalonishinda. Mama amelalamika kwamba gari langu halina sauti, hajui lini aweke maji ya chai. Anataka nikifika kwenye mparachichi nipige honi, mara mbili, kama ulivyokuwa unapiga wewe. Nimepanda mara tatu tangu aniombe. Mara zote mkono umefika kwenye honi ukarudi. Honi mbili pale ni zako. Nilihisi nikizipiga nitakuwa nimekubali kwamba wewe hutazipiga tena.

Jumapili hii nitazipiga. Lala salama, Baba yangu, dereva wangu wa kwanza. Nimempigia Mama simu kumwandaa, nikamwambia asije akaacha sufuria akakimbilia njiani kwa kudhani ni wewe.

Amesema anajua kabisa kwamba ni mimi, na atakimbia hivyo hivyo.

Mwanao,
Genoveva