Maswali Ambayo Mtoto Hamuulizi Baba Yake

Njombe

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo kutoka ndani ya masweta mawili. Wewe na Mama mmeamkaje huko Tabora? Tumbaku imeshatoka kwenye mabani ya kukaushia au bado inawasumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Mama mwenye nyumba wangu, Mbena mwenye huruma, ananiita jikoni kwake niote moto, na sitoki kabla sijamaliza sahani ya viazi. Nikirudi nimenenepa msinicheke.

Kwenye simu uliniuliza ilikuwaje nikafaulu mitihani yote ya kuandika, nikaanguka ule wa vitendo. Nilikujibu nitaeleza. Sasa naeleza, kwa sababu wiki ijayo naurudia, wenyewe tunaita sapu, na nikianguka tena narudia mwaka mzima. Cheti cha tabibu msaidizi hakitolewi kwa huruma.

Katika mtihani ule unaingia chumbani unamkuta mtu anayeigiza mgonjwa, nawe unamhoji mwalimu akiwa pembeni. Wangu alikuwa mzee wa umri wako, amevaa kofia na koti zito. Karatasi ilisema ana shida ya mkojo. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu. Baba, uliponilea ulinilea kweli: nilipofika kwenye swali lenyewe, ulimi ukakataa. Nikamuuliza kama anakohoa. Kengele ikalia nikiwa bado kwenye kikohozi. Mwalimu wetu, mama mkali lakini mwenye haki, aliniambia, "Zuhura, mzee huyu angekufa huku unamheshimu." Nililia, sikufichi.

Mwezi uliopita tulipelekwa Makambako kujifunza kazi kwenye kituo cha afya. Mji ule ni wa njia panda, malori na wafanyabiashara kutoka kila mkoa, nikasikia hata Kinyamwezi sokoni nikataka kumkumbatia mtu nisiyemjua. Siku moja akaja mzee mkulima kutoka Kitandililo, analalamika mgongo. Nikamuuliza yote ya mgongo, akajibu yote, nikamwandikia dawa ili tabibu anayenisimamia aje aipitie. Mzee hakuinuka. Alibaki anaizungusha kofia yake mikononi.

Nikaelewa kuna jingine analoona haya kulisema. Nikafunga mlango, nikavuta kigoda nikakaa chini kidogo kuliko yeye, nikainamisha macho. Nikamwambia, "Baba, nina maswali ambayo mtoto hamuulizi baba yake. Naomba uniruhusu leo niwe tabibu wako."

Aliiweka kofia magotini. Kisha akasema, "Uliza, mwanangu. Nimekuja hapa mara mbili, wote wananitibu mgongo."

Nikauliza, na yeye akajibu taratibu. Shida haikuwa mgongo hata kidogo, ilikuwa mkojo. Tabibu alimpa rufaa aende Njombe hospitalini, na juzi nimemwona huko kwenye foleni ya dawa, ameshaanza matibabu, analala usiku. Alinitambulisha kwa mkewe kama binti yake. Tangu siku hiyo siuogopi tena mtihani, na naamini nitafaulu, inshallah.

Nisalimie Mama sana, na shangazi yangu mwenye duka, mwambie kitenge chake ndicho ninachojifunika nikisoma. Nisalimie na bibi mzaa mama, na mdogo wangu Idi aache kuvaa viatu vyangu. Salamu nazimalizia hapa kwa sababu najua barua zangu unazisoma kwa sauti sebuleni. Karatasi ya pili ni yako peke yako.

Baba, Idi ananiambia siku hizi umekuwa mcha Mungu, kila usiku anakusikia umeamka, anadhani unaswali. Mama anasema unaamka kwenda msalani, unakaa huko muda mrefu, na akikuuliza unamwambia ni uzee. Nilipokuomba uje kunitembelea ulisema shamba halina mtu. Nimefikiri sana, nikaona huenda si shamba, ni safari ndefu ya basi lisilo na choo.

Si uzee tu, na mara nyingi ni kitu kinachotibika, hasa mtu akiwahi. Kwa simu nisingeweza kusema haya, nawe usingeweza kunijibu. Kwa hiyo chukua kalamu, kaa mahali pako kwa utulivu, uniandikie kama unavyomwandikia tabibu. Mkojo unatoka sawasawa au unausubiri? Unauma? Umewahi kuona damu? Kisha nenda hospitali, na majibu hayo hayo uwape.

Nimemuuliza mzee wa watu, nimeona anapona. Siwezi kumwacha wa kwangu. Niruhusu, Baba. Unaamka mara ngapi?

Mwanao anayekupenda,
Zuhura