Baba Anaimba Shimoni, Mama Hajamsikia

Machimboni, Geita
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Mama Kabula,

Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa karatasi. Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza jambo hili bila wewe kucheka, na namna hiyo sijaipata hadi leo. Basi cheka kwanza, ukimaliza usome.

Hamjambo nyumbani? Magoti ya mama yanasemaje? Mvua imefika Kishapu, au bado mnaitazama ikipita mbali kwenda kwa wengine? Shikamoo yako naijua, nami naitikia marahaba kutoka huku huku. Mwili wangu ni mzima. Kinachoniuma ni kichwa, na chanzo chake ni ile redio ya mama.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara ya mwisho, nawe ukaniuliza, "Kaka, uko harusini?" Sikuwa harusini. Nilikuwa kazini, katika stoo yangu ya kamba na tindo, mzee mstaafu wa kufundisha, na nyuma yangu redio ilikuwa inanguruma kwa amri ya watu ambao ningeweza kuwa babu yao. Tangu siku hiyo nikaona heri niandike.

Nianze mwanzo. Wewe ndiwe uliyenieleza kwamba mama hasikii tena redio yako ndogo, hata ukiibandika sikioni. Na wewe ndiwe uliyenikumbusha kanda ya baba, iliyorekodiwa ngomani, ambayo nyumbani hatukuwahi kuwa na chombo cha kuipiga. Kuna jambo huenda hulijui, maana wakati ule ulikuwa mgongoni. Baba alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na kila baada ya mavuno aliondoka kwenda kushindana. Mama alibaki na pamba. Aliichuma peke yake, wewe mgongoni, mimi nikiburuta gunia nyuma yake. Watu waliorudi kutoka ngomani walimwambia, "Minza, mumeo amekuimba mbele ya umati. Amekutaja kwa jina." Mama akajibu, "Huyo? Hajawahi hata kuniambia asante kwa ugali." Akaendelea kuchuma. Baba akafa bila kuurudia wimbo ule nyumbani, na mama hajausikia mpaka leo. Ndiyo maana, baada ya mimi kuahidi redio kubwa ya kumpigia kanda hiyo, uliponiambia anauliza, "Redio ya baba yenu imefika wapi?", nilielewa anachosubiri.

Kwa hiyo nilipotumwa Kahama kununua kamba za winchi, nilipita duka moja la Nyasubi. Nilichagua mashine iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa sauti. Kimo chake ni cha debe, mtu mmoja huibeba kwapani. Ina sabufa chini, spika mbili ubavuni, rimoti, na betri yake ya ndani, hivyo kukosa umeme kwenu si kizuizi. Ina pia taa zinazobadilika rangi bila kuombwa, na sijapata kitufe cha kuzizima. Mwenye duka aliihamisha sauti ya baba kutoka kwenye kanda hadi kwenye flashi. Bila ruhusa yangu, akatanguliza mambo mawili mbele ya baba: tangazo la duka lake, na wimbo wa kwaya.

Kosa langu ni kwamba sikuja nayo moja kwa moja. Niliileta huku kwanza, nikingoja likizo. Asubuhi moja nikasema niijaribu, nijue kama sauti yake inatosha masikio ya mama. Nikaiweka juu ya meza ya stoo, nikapandisha sauti hadi mwisho. Tangazo likalia, kwaya ikafuata. Mabati yakatetemeka, tindo zikaanza kusogea zenyewe mezani. Nilikuwa nasubiri baba aanze, ndipo nikasikia kelele kutoka duarani, yaani kwenye shimo lenyewe, ambalo liko hatua chache kutoka mlangoni pangu:

"Limetema! Limetema!"

Ndivyo wasemavyo huku duara linapotoa mawe yenye dhahabu. Vijana walikuwa wamepandisha viroba vya mawe matupu kwa muda mrefu, wamekonda kwa kukata tamaa. Nikazima redio, nikatoka kuwapongeza. Laiti ningebaki ndani.

Kesho yake, Masanja, anayewasimamia wachimbaji, alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnahitaji kamba?"

"Kamba tunazo. Tunaomba utuwashie."

"Niwashe nini?"

"Ile ya jana. Vijana hawajashuka, wanakungoja wewe."

Nikamweleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu, kwamba mkanda ule wa dhahabu ulikuwa humo ardhini kabla babu yake hajazaliwa.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Ulikuwa umelala. Wewe ukauamsha."

Nikawasha ili niondokane naye. Hilo lilikuwa kosa la pili. Siku iliyofuata nikaruka tangazo, nikaanzia kwenye kwaya. Masanja akainua mkono.

"Mwalimu, umeruka."

"Nimeruka tangazo la duka."

"Siku ile lilianza duka."

"Masanja, duka la spika linahusiana vipi na dhahabu?"

Kabla hajajibu, sauti ikapanda kutoka chini shimoni: "Mwalimu, tuanzie Nyasubi!" Watu wote wakacheka, isipokuwa mimi.

Basi tunaanzia Nyasubi. Kila asubuhi, dada, mimi niliyewachapa watu wazima wa leo kwa kukosea upatanisho wa maneno, nasimama na rimoti mkononi nikisikiliza mtu akipiga kelele, "Duka letu iko Nyasubi! Spika zetu iko na besi ya kutingisha mbavu!" Iko na iko. Kisha kwaya inaimba kwamba siku inakuja ambayo ardhi itafunua kinywa na kuwameza wenye dhambi, na kwa maneno hayo hayo vijana wanajifunga kamba na kushuka ndani ya ardhi, wakitikisa mabega. Nimemwambia Masanja kwamba wimbo huo haufai mahali hapa. Ameniambia, "Sisi tunasikiliza besi, Mwalimu."

Nilikwenda kwa mwenye mgodi, mtu mwenye elimu yake, nikitumaini msaada. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mzee wangu, wewe washa tu. Kuwasha kunakugharimu nini?" Kisha akaacha kucheka, akaongeza, "Si unaipenda kazi yako?"

Sasa utaelewa kwa nini hukuniona sikukuu iliyopita. Nilikuwa nimefunga safari. Niliizungushia redio blanketi, nikafika hadi kituo cha bodaboda. Vijana wa duara wakanifuata, si chini ya kumi, wote kwa shikamoo na adabu zote. Mmoja akakipakua kifurushi kutoka kwenye pikipiki kama anayempokea mtoto mchanga. Masanja akasema, "Safari njema, Mwalimu. Wasalimie nyumbani. Mzigo huu utakusumbua njiani, tutakutunzia." Nikamwambia ni mali ya mama yangu. Akainama kidogo. "Tunajua ni yako, Mwalimu. Lakini ikiondoka, na duara likakauka, hawa vijana wataelewaje?" Hakuinua sauti. Ndiyo maana nilirudi chumbani kwangu na safari ikafa.

Nikaamua kuwakomesha. Nilijiambia, imani isiyo na msingi huvunjika siku moja tu ikikosea. Asubuhi moja nikaruka duka, nikaruka kwaya, nikawapigia wasichokijua: nikamweka baba.

Mama Kabula, sikuwa nimejiandaa. Sauti ile haijazeeka. Imejaa mikwaruzo ya kanda, na nyuma yake njuga na vifijo, lakini ni baba yule yule aliyekuwa akituita tuingize ng'ombe. Nilikaa juu ya kiroba. Anaimba kwa Kisukuma chake kizito kwamba jembe lake liko mikononi mwa mwingine. Anasema, "Minza mke wangu, umati huu unanishangilia mimi, na pamba unachuma wewe. Nikishinda, ng'ombe ni wako. Nikishindwa, aibu ni yangu peke yangu." Anataja jina la mama mara nyingi kuliko lake mwenyewe.

Pale duarani hakuna aliyecheka. Mzee wa winchi, mtu wa Maswa asiyesema na mtu, akaanza kuitikia, na vijana wa kwetu wakamfuata. Hata Wazinza wakaitikia wasichokielewa. Kisha wakashuka, nami nikangoja waambulie mawe matupu.

Lilitema kuliko siku ya kwanza.

Masanja alikuja jioni hiyo hiyo. "Mwalimu, anayeimba ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ni baba yangu mzazi."

Akavua kofia. Tangu siku hiyo mambo yameharibika kabisa. Sasa wanataka vyote vitatu: duka, kwaya na baba. Juzi nilimkuta mmoja ameinama mbele ya spika anamwaga pombe chini, akimsalimu baba kwa heshima. Nikamfokea. Nikamwambia baba alibatizwa, na isitoshe ile ni mashine ya umeme. Akaniomba radhi, akapangusa sabufa kwa shati lake, kisha akaniuliza kama mzee alipendelea pombe ya mtama au ya uwele.

Na kila wanaposhuka, wanaimba, "Minza, Minza." Mama yetu, ambaye hajavuka mto wa Mhunze kwa miaka, jina lake linazama ardhini kila asubuhi vinywani mwa vijana wasiomjua. Watu arobaini wameusikia wimbo wake. Yeye hajausikia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si besi.

Wamenipa njia mbili. Ya kwanza, nimlete mama huku. Watatuma gari, watamkalisha kivulini pembeni ya duara asikilize mpaka atosheke. Nilikataa kabla Masanja hajamaliza kusema, naye akashangaa ukali wangu. Wewe hutashangaa. Mama ana macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa maisha yake yote. Leo watamwita mama wa bahati. Siku duara litakapokauka, na yote hukauka, watamtazama bibi kizee mwenye macho mekundu aliyeletwa kutoka mbali, na mimi na wewe tunajua neno watakalosema: mchawi. Mama yangu hakanyagi hapa.

Njia ya pili wameileta juzi. Watachanga waninunulie mashine nyingine, kubwa kuliko hii, niilete nyumbani na wimbo wa baba ndani yake, mradi hii ibaki duarani nami nirudi kuiwasha. Utasema, kaka, pokea, mama asikie, yaishe. Nami nimelala nikisema hivyo hivyo. Lakini fikiri. Nikiipokea, nimepokea ujira wa uganga. Nitakuwa nimekiri mbele ya watu wote kwamba ni mimi ninayeamsha dhahabu, na anayeamsha ndiye atakayeulizwa ikilala. Nikikataa, nikabeba iliyo yangu wakiwa shimoni, kazi imekwisha, na dhahabu ikikoma nyuma yangu, jina langu halitakuwa salama kutoka hapa hadi Ushirombo. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba mbili na mbili ni nne. Nimechoka, dada, kuwa mzee mmoja peke yake anayejua hesabu hiyo.

Barua hii anakuletea mfanyabiashara wa ng'ombe anayekuja mnadani Mhunze. Mpe maji, na mpe jibu lako arudi nalo. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie paa la zizi lisisubiri mimi. Msalimie mama mdogo, mlezi wetu sote, asiache dawa. Watoto wote wasome, na Kabula aache kuniandikia ujumbe wa simu kwa vifupisho. Mjomba wake hasomi vifupisho. Kwa mama, mpe shikamoo yangu kwa sauti kubwa, ukimshika mkono.

Kisha unifanyie jambo moja. Mama akiwa ameketi uani, amekupa mgongo, simama nyuma yake, umwite. Usimwite Mama, wala Bibi. Mwite Minza, kwa sauti uwezayo yote. Nijulishe kama aligeuka. Akigeuka, bado upo muda wa kufuata ukaidi wangu. Asipogeuka, basi masikio yake yanakwisha, hata siku moja ya kungoja ni nyingi, na heshima yangu si kitu.

Nikishaamua, nitakuandikia. Lakini iwapo utasikia mngurumo unakuja barabarani kabla ya barua, na mtu anatangaza kwamba duka lake iko Nyasubi, usicheke: mtoe mama nje, mwekee kiti karibu na njia.

Ni mimi kaka yako,
Luhende