Baba Anacheka na Kiti

Alhamisi. Mtaa wetu wa Kyebando umelowa tangu asubuhi, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, na mimi sina hamu hata ya chai.

Niandike tu, labda kifua kitakuwa chepesi.

Mnaosoma hapa mnajua kwamba tangu niache kazi ya kuchapisha mabango kule Kamwokya, najifunza kutengeneza picha zinazotembea: maandishi yanayoingia yakicheza, moshi ambao haukuwepo, mtu kutolewa mahali alipokuwa amekaa. Najifunza peke yangu, kwa kompyuta inayounguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na kwa mwalimu wa mtandaoni ambaye husema "rahisi tu" kila anapofika pale ninapokwama. Programu yake ni mpya kuliko yangu. Anabonyeza kitufe ambacho kwangu hakipo, kisha anaendelea na safari zake, na mimi nabaki nimeshika kipanya.

Kitu cha kwanza nilichoweza ni mpira unaodunda. Nikamwita mama aje aone. Mama yangu ni mjane wa askari, Mkatoliki wa kutoka Gulu, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakina mapambo. Aliuangalia mpira ukipanda na kushuka, akauliza, "Halafu?" Nikasema bado najifunza. Akarudi kwenye maharage yake.

Tangu siku ile natafuta kitu kimoja cha kumwonyesha ambacho hatakiulizia "halafu".

Jumamosi ni dua ya baba, mwaka tangu tumzike. Baba alikuwa Mwislamu, kwa hiyo sheikh akishamaliza na watu wakishakula, kaka yangu ataleta skrini kubwa, na baba aonyeshwe. Fundi ni mimi.

Picha tunazo nyingi, karibu zote za sare, amesimama kama aliyekatazwa kupumua. Video ni moja tu. Aliipiga binti wa Mama Mdogo, yaani mke wa pili wa baba, anayeishi Kabalagala, kwenye harusi ya binamu yetu. Mama Mdogo mwenyewe ndiye aliyenitumia. Aliandika, "Chukua, mwanangu. Hapa alikuwa na furaha. Utaiweka, si ndiyo?" Nikamjibu nitaiweka.

Baba amekaa chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki, kofia imelala upande. Mama Mdogo amekaa kiti cha pembeni, ameweka mkono begani kwake. Anamnong'oneza kitu, na baba anacheka. Baba yangu, ambaye kwetu alicheka kwa pua tu, hapa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Mama aliitazama mara moja. "Hii ni nzuri," akasema. "Huyu mwanamke mtoe."

Hawajawahi kugombana mbele yetu, hawa wawili. Idi ilipofika, pilau ilikuja kwetu kutoka Kabalagala. Krismasi, kuku alikwenda kule. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Mimi nikadhani mambo yaliisha zamani. Kumbe yalikuwa yamekaa tu, yanangoja fundi.

Ningekataa palepale. Mama Mdogo atakuwa mstari wa mbele Jumamosi, na mbele ya ukoo mzima ataona amefutwa kwenye video aliyoitoa yeye. Hilo nililijua. Lakini kulikuwa na kitu kingine, nakisema bila kujificha: kwa mara ya kwanza mama alikuwa anaihitaji kazi yangu.

Nikasema, "Inawezekana."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wiki yote hii nimekuwa nikimfuta. Asiyejua aelewe hivi: video ni picha nyingi zilizofuatana haraka, na kumtoa mtu ni kumzungushia mstari kwenye kila picha, kisha kuziba pengo. Nilikata kipande cha hema la bluu kutoka upande mwingine, nikambandikia Mama Mdogo juu ya uso. Lakini aliyekuwa akipiga alitikisa simu, kwa hiyo hema langu likawa linateleza, na uso wake unachungulia kisha unajificha. Nikaanza upya. Mara ya pili nilimfuta vizuri, pamoja na sikio la baba.

Mkono ndio ulionitesa. Uso ukiuondoa, nyuma yake kuna hema. Mkono ukiuondoa, nyuma yake kuna bega la baba ambalo kamera haikuliona kabisa. Ilibidi nilibuni. Nilichukua bega la upande wa pili, nikaligeuza, nikalishonea pale. Nilikaa na lile bega mpaka nikalijua kuliko nilivyolijua alipokuwa hai. Nililia kidogo, kisha nikaendelea, kwa sababu umeme ulikuwepo na hujui utaondoka saa ngapi.

Leo mchana ilikamilika. Mstari hauonekani, hema limetulia, bega ni bega. Nilijisifu, nisidanganye. Nilisema hata mwalimu yule angenyamaza kidogo.

Nikamwita mama. Alifuta mikono kwenye leso, akakaa kitandani kwangu, nikabonyeza.

Baba amekaa peke yake. Pembeni yake kiti cheupe, kitupu. Anakiinamia kile kiti, anatega sikio, anasikiliza. Kisha anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Wiki nzima nilikuwa naangalia picha mojamoja, kipande kwa kipande, kidole, ukucha, pindo la hema. Sikuwahi kukaa nikamwangalia baba. Alionekana kama mtu aliyerukwa na akili, ambaye ndugu wamemvika vizuri na kumleta harusini kwa sababu hawakuwa na wa kumwachia.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama akasema nirudie. Nikarudia.

"Anacheka na nani?" akauliza.

Alijua. Alikuwepo kwenye harusi ile, amekaa hema la pili na wanawake wa kanisani, na huenda alikisikia kicheko hicho kutoka kule na kugeuza shingo kama watu wote.

Akanitazama mimi, si skrini. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekuagiza chumvi dukani, "Basi mtoe na yeye."

Akatoka kwenda kuangalia makaa kwenye sigiri.

Nilikaa. Kusema kweli, nilianza kufikiria namna ya kufanya. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye kipanya, vikaanza kumzungushia baba mstari kuanzia kwenye kofia. Nilipofika shavuni nikaacha. Nimejifunza kazi hii ili nimfurahishe mama, na kazi ya kwanza aliyonipa imemfanya atake kumfuta mumewe.

Nimefunga kila kitu nilichofanya wiki hii. Nimefungua ile aliyotuma Mama Mdogo, kama ilivyokuja, na mkono wake pale pale. Kesho nitamwambia mama kwamba Jumamosi itaonyeshwa hii, au isionyeshwe yoyote, tubaki na picha za sare.

Naogopa atakataa, aseme nimechagua upande wa Kabalagala.

Naogopa zaidi atasema sawa, avae gomesi yake ya kanisani, akae mbele pamoja na watu wote, na aangalie mpaka mwisho.