Misonobari ya Mama Mkwe

Mbezi Beach,
Jumapili mchana

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya huko Mafinga imepungua makali. Sie huku wazima, tunalalamikia joto tu. Adelard anakusalimu sana.

Mama, ile misonobari uliyotuletea siku ya harusi, mizizi imefungwa kwenye gunia na udongo wa kwenu, ilitaka kututoka. Miwili ya upande wa kisima ilianza kuwa kahawia nchani, kisha matawi mazima yakakauka. Shangazi Flaviana alipotutembelea alisema wazi kwamba nyumba imeikataa. Adelard akaleta fundi mwenye msumeno, akanibembeleza kwamba tutanunua mingine ya kimo kilekile, wala Mama hatajua.

Nikasimama mbele ya miti, nikasema haikatwi. Fundi akacheka, akaomba maji ya kunywa. Adelard alipoelekea kisimani nikamzuia, maana maji yale yana chumvi. Hapo hapo nikashtuka. Maji tusiyoweza kumpa mgeni ndiyo tuliyokuwa tukiimwagilia miti yako! Na ile miwili iliyobaki mibichi inapata mvua inayotiririka kutoka kwenye bati.

Fundi akaondoka na msumeno wake. Tukanunua tanki la kukingia mvua, nikauosha udongo kwa maji matamu, nikalaza majani makavu shinani. Mti mmoja ulikuwa umekwisha kufa, tukaung'oa. Mwenzake nikaupunguza matawi mpaka majirani wakaniita Mama Kuni.

Masika yakapita, Mama, na wiki hii umechipua! Machipukizi yamesimama nchani kama mishumaa. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, Adelard akatoka mbio na povu la mswaki mdomoni. Akauzunguka mti, akasema, "Chausiku, umeshinda."

Sasa nikwambie jambo ambalo hata yeye halijui. Siku ya harusi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni ulipowaambia wadogo zako kwamba mtoto wa pwani hawezi kulea kitu cha baridi, si miche wala mume. Niliumia, Mama. Leo naweza kusema bila kinyongo: miche mitatu inanawiri, na mume suruali zinambana.

Njoo uone mwenyewe. Nitakupokea stendi, mimi na si mwingine.

Wasalimie wote nyumbani, na usisahau kujifunika vizuri.

Mkaza mwanao akupendaye,
Chausiku binti Mwinshehe