Dawa Isiyolipiwa

Ilula,
Jumapili, tarehe 6 Septemba

Mama,

Leo nitakueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo ungeniambia, "Tusekile, hayo si ya mtoto." Nimemaliza kufua sare, Baba yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nami nimekaa ukingoni mwa kinyungu chako, bustani yako ya huku bondeni. Nyanya zimeanza kugeuka rangi. Nilidhani nikiandika nitaelewa. Mpaka sasa sielewi.

Nianze na kaka Lusajo. Ulipofariki alikuwa bado utingo wa malori ya Tunduma, na unga, yale madawa ya kulevya, ulikuwa umeshamshika. Hilo ulilijua kuliko sisi sote. Siku tunakuzika Baba alimkataza kutupa udongo kaburini, kwa sababu ya zile hela za matibabu yako zilizotoweka kwenye kopo la siagi. Lusajo alisimama nyuma ya wanakwaya na udongo mkononi mpaka watu wakatawanyika.

Baadaye Baba alimpeleka soba, ile nyumba ya kuachia madawa iliyo njia ya kwenda mjini Iringa. Wanataka malipo kila mwezi. Usharika ulituchangia, na mbuzi wako wawili wakaenda. Lusajo akarudi amenenepa, anaimba, akafua mpaka mapazia. Wiki ya tatu akaenda Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu, akarudi macho yamelegea. Baba hakugomba. Alisema tu, "Tutauza kinyungu cha mama yenu, arudi soba."

Kinyungu hiki, Mama. Ulichokilima na mimi mgongoni.

Nikamweleza Madam wa Baiolojia. Akaniambia kwamba Mbeya, kwenye hospitali ya serikali, kuna kliniki inayowapa watu kama Lusajo dawa ya kunywa kila siku ili wasishikwe na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, na kwamba hawatozi hata senti. Nilirudi nyumbani mbio. Baba akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akihubiri.

"Bure? Hata panadoli tunanunua, leo serikali imnyweshe teja bure? Dawa ya bure ni ya panya."

"Na hiyo nayo tunanunua, Baba," akasema Lusajo kutoka jikoni. Nilicheka peke yangu.

Likizo ya Juni tulikwenda wote watatu. Nadhani Baba alikubali ili nishindwe, ninyamaze. Tulifikia kwa mama mdogo, Uyole. Siku tatu tulikuwa kwenye vipimo na maswali, na Lusajo anatetemeka ndani ya koti la Baba. Siku ya tatu nesi, mama mmoja aliyevaa sweta juu ya sare, akatuambia, "Atakunywa hapa hapa mbele yangu. Kila siku. Jumapili, Krismasi, siku ya kuvuna, kila siku."

Baba akauliza mpaka lini.

"Huenda miaka, mzee."

Baba akatoa noti zilizofungwa kwenye leso, akazisukuma mezani. Nesi akazirudisha kwa ncha ya kalamu. "Mzee wangu, ukinipa hizo nitafukuzwa kazi."

Basi, hapo ndipo yote yalipotaka kuharibika. Baba akamshika Lusajo mkono, akamtoa nje. "Umeona? Imekataa kulipiwa. Marehemu mama yako alisemaje juu ya dawa?"

Na kweli ulisema. Unakumbuka nilipokuwa darasa la pili, tumbo limenivimba, ukanipeleka kwa yule bibi mchimba mizizi? Alipong'oa mzizi hukumpa yeye hela. Uliweka sarafu kwenye shimo ukafukia, ukaniambia, "Dawa isiyolipiwa haikai mwilini." Baba alikuwepo. Kumbe aliyabeba maneno yale miaka yote, na sasa yanamrudisha Lusajo kwenye unga.

Karibu na uzio wa hospitali kuna mkaratusi. Sijui nilifikiri nini. Nilichimba kwa kidole, nikaweka sarafu yangu ya mia mbili. Mimi, Mama, niliyeongoza mtihani wa Baiolojia kidato cha tatu, na watu wa foleni wananitazama.

Lusajo akasema, meno yanagongana, "Jamani, mdogo wangu kaikopesha serikali mia mbili."

Baba hakucheka. Alisogea, akainama juu ya shimo. Kisha akatafuta mfukoni, akadondosha na yake ya mia tano. "Ya kwako ndogo," akaniambia. Akafukia kwa kiatu, akamrudisha Lusajo kwenye dirisha la dawa yeye mwenyewe.

Nilipomsimulia Madam, akasema, "Dawa ingefanya kazi bila sarafu. Baba yako ndiye asingefanya kazi bila sarafu." Nimeliandika nyuma ya daftari. Siku nyingine naona nimelielewa.

Sasa Lusajo anakaa kwa mama mdogo na kila asubuhi anakwenda kliniki. Hajakosa hata siku moja. Kinyungu hatukukiuza. Nauli yake inatoka humu, ndiyo maana nikitoka shule namwagilia kabla hata ya kula. Dawa ni ya bure, lakini kuifikia si bure, na hilo hakuna aliyetuambia.

Ila mzee mmoja wa kanisa amemwambia Baba kwamba Lusajo hajaacha kitu, amehama tu kutoka unga wa mtaani kwenda unga wa serikali. Baba akaniuliza mimi kama ni kweli. Nilimweleza kama Madam alivyonieleza, kwamba anakula, analala, haibi, anafanya kazi ya kufyatua matofali. Nilijibu vizuri, lakini moyoni nikawa najiuliza mwenyewe.

Na sasa lile lililonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Tulikuwa tunamenya viazi, akasema bila kuniangalia, "Tuse, zile hela za kopo sikuiba. Mama alinipa." Akasema alikuja usiku mmoja ana arosto, anajikunja sakafuni, nawe ukatoa kopo chini ya kitanda ukamwambia, "Chukua, mwanangu, nisikuone hivi." Keshokutwa yake ulikuwa uende hospitali mjini. Hukwenda tena.

Akaniapisha nisimwambie Baba. "Aniite mwizi mimi. Mama asiguswe."

Mama, nikukasirikie? Nimejaribu, nimeshindwa. Nesi anampa kila siku asiumie, na wewe ulimpa asiumie. Moja linaitwa tiba. Na lile lako linaitwaje? Labda ulikuwa unaitafuta kliniki ile, ila hakuna aliyekuonyesha njia. Nataka iwe hivyo. Naomba iwe hivyo.

Jumamosi Baba anakwenda Mbeya, safari yake ya kwanza tangu Juni. Amenunua viatu vya kumpelekea Lusajo. Jana nilimsikia chooni akijizoeza maneno, sauti ya chini: "Mwanangu, nimekusamehe ule wizi." Alirudia mara tatu. Ya tatu ilimshinda, akakohoa.

Nakuaga hapa, jua linazama na zamu yetu ya maji ya mfereji inaisha. Kinyungu hakitauzwa nikiwa hai, hilo nakuahidi, na Lusajo hatakosa nauli. *Ndaga fijo*, kama ulivyotufundisha kushukuru kikwenu, kwa mbegu na kwa mengine nisiyoyaelewa.

Ila nijibu kabla ya Jumamosi, kwa njia yoyote uliyo nayo huko: nimwache Baba amsamehe Lusajo kosa ambalo hakulifanya, au nimwambie ni nani aliyelitoa lile kopo?

Mwanao,
Tusekile