Sifuri Juu, Sifuri Chini

Ng'ambo, 4 Mei 2025

Assalaamu alaykum Mjomba Ubwa, shikamoo.

Hali zenu huko nyumbani? Sisi wazima, ila goti la Mama tu. Nnakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei, na darasani hutaki nikwite mjomba.

Lile swali la kikomo umenitilia sifuri kwa nini? 1/x toa 1/3, yote igawe kwa x toa 3, x ikikaribia 3. Ukiitia 3 hivi hivi unapata sifuri juu, sifuri chini. Nikazidisha juu na chini kwa 3x. Juu ikawa 3 toa x. Chini 3x mara (x toa 3). Nikakata, ikabaki hasi 1 juu ya 3x. Jibu hasi 1/9. Nimekosea wapi? Kwa alama hii naikosa timu ya mashindano ya hesabu, na unajua nilivyoihangaikia!

Mpwa wako,
Zuleikha

Mji Mkongwe, 7 Mei

Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Hatujambo. Mpe pole dada.

Jibu ni sahihi. Lakini kabla ya kukata hukuandika kuwa x si 3. Ingekuwa 3, ungekuwa unagawa kwa sifuri.

Mjomba wako

Ng'ambo, 8 Mei

Shikamoo Mjomba. Salamu nnakupa, lakini roho inaniwaka.

Anuar naye hakuandika! Karatasi yake nimeiona kwa macho yangu haya, umempa alama zote. Ala!

Zuleikha, mpwa wako

Mji Mkongwe, 12 Mei

Marahaba. Inshaallah goti la dada lina nafuu.

Anuar si mtoto wa dada yangu. Nikikupa wewe, watasema nakubeba. Watu wana midomo, mwanangu. Vumilia.

Mjomba

Ng'ambo, 2 Juni

Shikamoo Mjomba. Goti la Mama limepoa. Anauliza mbona huji tena.

Timu imeondoka bila ya mimi. Nimelia, sikufichi. Nivumilie kwa kosa gani, kuzaliwa na dada yako? Watu wana midomo, mimi sina moyo?

Leo nimehamia darasa la Mwalimu Nadra, nimeomba mwenyewe. Kilichokuwa kinatutia sifuri wote wawili nimekikata. Na safari hii sababu nimeiandika, nenda kaisome kwa mwalimu mkuu: mwalimu nitapata mwengine, mjomba sipati.

Ijumaa Mama anapika biriani. Hasira zangu bado ninazo, lakini njoo.

Mpwa wako,
Zuleikha