Kuku Kafungwa Mlangoni Kwangu

Jumamosi, 2 Oktoba 1976

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, la sivyo mkono utasahau. Haya, naandika. Sabuni hakuna dukani. Magoti yanauma. Mbagala vumbi tupu.

Nimekwenda kuazima kinu kwa Mama Avelina, yule Mngoni mwenye kilabu cha pombe ya komoni nyuma ya nyumba yangu. Uani nikamkuta binti anatwanga. Usoni ana chale kama zangu! Nikamsalimu kwa Kimakonde. Mchi ukamponyoka.

Anaitwa Yustina, wa Newala. Mjomba wake Fransis alimwambia twende Dar, masista watakufundisha kushona. Akamleta hapa, akamwacha, akaondoka na baiskeli ya Mama Avelina. Tangu masika hajavuka ule ua. Mshahara hapewi. Usiku anafungiwa, na ufunguo anao Mama Avelina, anampa mteja anayemtaka. Mengine kaniambia. Siandiki.

Mama Avelina katoka anacheka. Eti, Bibi wee, unanicheleweshea mfanyakazi!

Kinu sikuchukua.

Jumapili, 3 Oktoba

Kanisani. Baada ya misa chama cha kina mama kilikaa. Sie ndio tunaosaidia wajane na wenye shida, ndivyo tunavyosema. Mwenyekiti wetu ni Kokushubila, Mhaya, karani mjini, anaongea kama anasoma redioni.

Nikasimama nikasema yote. Nikasema kuna mtu kauzwa kwa baiskeli, jirani na msalaba huu.

Mmoja kanong'ona: Wamakonde na komoni, nani kamlazimisha mwenzie? Wakacheka. Walivyozoea kucheka ndonya yangu nikienda kupokea komunyo! Mdomo wangu una kipande cha mti. Midomo yao ina nini?

Kokushubila hakucheka. Ila akasema tusubiri padri arudi safari, twende kwa utaratibu, kwa sasa tumwombee. Tukamwombea! Na Mama Avelina kakaa benchi la pili, kafumba macho kuliko wote. Ndiye anayepika pilau la sikukuu ya parokia. Nani atamgusa?

Mungu wangu, mie nakupenda. Watu wako ndio wananishinda.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimemwendea balozi wetu wa nyumba kumi, Didas. Shikamoo kanipa, na kiti. Halafu maneno. Eti Yustina kaandikishwa kama mfanyakazi wa kilabu. Akitoka pale hana kazi. Na asiye na kazi sasa anapandishwa lori, anarudishwa kijijini kwao akalime. Amri ya kila mtu afanye kazi, Bibi, siyo yangu.

Nikamuuliza, kijijini atapokelewa na nani? Kasema na wazee wake. Kwetu mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mjomba mwenyewe Fransis! Lori litamrudisha kwa aliyemuuza, na yule bado ana nafasi ya baiskeli ya pili.

Nimerudi nimepika mchicha. Sikuula.

Jumatano, 6 Oktoba

Kwa Mama Avelina kuna msiba. Kaka yake kafa, kazikwa leo leo. Pole yake, kifo ni kifo. Wangoni wote wa Temeke wamejaa uani. Kilabu kimefungwa.

Sie Wamakonde ni watani wao. Kwenye matanga ya Wangoni hakuna wa kutuzuia mlangoni.

Ninawaza.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimefanya! Herufi zinalala.

Asubuhi nikajipaka unga usoni, nikavaa kikapu kichwani, nikaingia msibani nikilia kwa sauti ya mbuzi. Watu wakaanza kucheka na machozi yao. Mzee mmoja wa kwao akapaza sauti: Haya, wamekuja wale waliotukimbia wakapanda mlimani, wakatuachia mihogo! Nikamjibu: Mlishindwa kupanda kwa matumbo! Na mihogo yenyewe hamkujua kuipika, mkaitafuna mibichi! Mpaka mjane akacheka, masikini.

Mtani msibani huchukua anachotaka. Anabeba sufuria, anabeba mkeka, na hakuna wa kumkasirikia. Nikashika sufuria la wali, wakapiga vigelegele. Nikaliweka. Nikashika kiti cha mzee, akiwa amekikalia! Nikakiacha. Halafu nikamshika Yustina mkono. Nikasema, hili ndilo nalipenda, hili nakwenda nalo!

Wakacheka. Wallahi walicheka! Mama Avelina naye alicheka, yuko mbele ya wazee wake, angefanyaje? Nikatoka naye nikicheza, hatua kwa hatua, mpaka nje ya ua. Kona ya kwanza tukaacha kucheza. Tukakimbia. Mie na magoti haya!

Jumamosi, 9 Oktoba

Jana sikuandika. Yustina kalala mchana kutwa, kalala tena usiku. Akishtuka anaushika mlango. Anajaribu kama unafunguka. Unafunguka. Anarudi kulala.

Tabu jirani kaleta kanga mbili na uji wa pilipili manga. Muislamu yule, hana chama wala mwenyekiti. Hakuuliza lolote. Kamwogesha, kamsuka, kamsomea dua yake juu ya kichwa. Nikamwambia, shoga, huyu ni Mkatoliki. Kasema: Basi wewe soma yako, zikutane huko juu. Nikashika rozari.

Jioni Yustina kala viazi hadi vya ukoko. Kacheka kidogo aliponiona nikila kwa kuinua ndonya. Kasema bibi yake aliyemlea alikuwa anakula hivyo hivyo.

Huyu harudi. Labda wanibebe mie.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimekwenda naye misani, mkono kwa mkono. Benchi letu likabaki letu wawili tu.

Nje ya kanisa Mama Avelina kaja na tabasamu. Kasema kwa sauti, wote wasikie: Mtani wangu, umenifurahisha. Matanga yameisha. Kesho nakuja kukomboa changu.

Nikamvuta Yustina nyuma yangu.

Ndiyo mila. Mtani akichukua kitu, mwenyewe anakuja na kuku na unga kukikomboa. Ukimpokea kuku, kitu kinarudi kwao. Ukimkataa, utani umekufa, wewe ni mwizi, na mwizi anapelekwa kwa balozi. Nilijua! Nimeijua tangu utotoni. Ila siku ile niliona mlango tu, sikuona upande wa pili wa mlango. Nimemchukua mtu kama sufuria. Sasa wanamdai kama sufuria.

Kina mama walikuwa wanaangalia chini. Kokushubila kanivuta pembeni. Kasema, Bibi, mrudishe kwa amani, padri akija tutaanza upya vizuri. Nikamuuliza, mwanao ungemrudisha ukaanze upya vizuri? Macho yakamjaa maji. Machozi ya karani hayafungui kufuli.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wamekuja. Mama Avelina na wazee wawili wa Kingoni, na Didas balozi nyuma yao kama shahidi. Wamekaa barazani kwangu. Kuku mwekundu, wamemfunga miguu kwenye nguzo ya mlango. Unga kwenye ungo.

Wamepiga utani wao. Sikujibu. Wamerudia. Sikujibu. Sasa hawacheki.

Nimekaa ndani dirishani, naandika. Mkono huu nisipoupa kalamu utamkaba mtu.

Didas kasema kupitia dirisha: Bibi, pokea au kataa. Ukikataa, nitamwandika binti kuwa hana kazi. Lori liko Temeke.

Tabu kaja, kakaa mlangoni kwake, anawatazama bila kupepesa.

Kokushubila naye kaja! Na viatu vya ofisini, kazini hakwenda. Kasimama njiani. Si upande wao, si upande wangu. Chagua, mama. Chagua!

Jua limefika barazani. Kuku anahema mdomo wazi. Hakuna anayempa maji, maana wa nyumba hii akimpa maji kampokea.

Yustina kaniuliza, Bibi, kuku kafanya kosa gani?

Nikasema, hana kosa, usitoke.

Kachukua kikombe cha maji na kisu cha mchicha. Nimemshika kanga, imebaki mkononi mwangu. Kafungua mlango mwenyewe. Kainama. Kaikata kamba. Kaweka maji chini, hakumshika kuku hata unyoya.

Wazee wanatazamana. Mila inasema mtani apokee au akatae. Haisemi lolote kuhusu kitu kilichochukuliwa kikitoka chenyewe kikamfungua kuku. Mama Avelina kasimama. Kokushubila kavuka njia, yuko katikati ya uwanja wangu, anakuja upande wa Yustina.

Kuku kasimama. Hatembei. Miguu imekufa ganzi.